Kodi P0121 kwenye pikapu iliyoinuliwa: nimebadilisha sensa ya throto mara tatu na taa ya injini bado inawaka

Gurudumu33 (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni akili zenu, yangu imefika mwisho.

Pikapu ni ya petroli, silinda 6, gia otomatiki, throto (mlango wa kipepeo unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini) ni ya kebo, siyo ile ya umeme. Imefanyiwa mambo: imeinuliwa inchi 3, matairi ya inchi 33, winchi mbele, spotilaiti mbili kwenye bampa, taa za kazi nyuma, filta ya hewa ya wazi, na geji ya joto la mafuta ya gia. Mwezi wa pili sasa taa ya injini inawaka na kodi (namba ya hitilafu inayosomwa na skana) ni ileile, P0121. Nikifuta inakaa siku mbili tatu, inarudi.

Dalili zake: sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda yenyewe mpaka 1,000 na zaidi, gia inachelewa kubadilika na ikibadilika inapiga teke. Halafu kuna siku nzima inatembea kama imetoka kiwandani jana. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Sensa nimebadilisha mara tatu. Ya kwanza ya kuigiza, ya pili ya kuchomoa kwenye gari lingine, ya tatu halisi kabisa ndani ya boksi lake. Fundi wangu sasa anasema tubadilishe kompyuta ya injini. Kabla sijakubali nimeona nije kwenu.

Kamanda wa Kodi
Kompyuta hiyo mkuu. Sensa tatu haziwezi zote kuwa mbovu. Badilisha, usijisumbue.

Chuma Chakavu
Chomoa betri usiku kucha, asubuhi rudisha. Mimi yangu ilipona hivyo.

FundiMita
Mleta uzi, usichomoe betri na usinunue kompyuta. Ukichomoa betri unafuta ile kumbukumbu ambayo kompyuta iliandika wakati kodi inatokea: resi (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi, mwendo gani, joto la maji, mzigo wa injini. Hiyo ndiyo kamera ya tukio, na wengi tunaifuta kabla hata ya kuitazama.

Pili, tuiheshimu kodi yenyewe. Sensa ya throto ina kodi za jirani ambazo watu wanazichanganya. P0122 ni mawimbi (volti ambazo sensa inaipelekea kompyuta) yako chini mno, karibu na sifuri. P0123 yako juu mno, karibu na volti 5. Hizo mbili mara nyingi ni waya umekatika, umegusana na mwingine, au sensa imekufa. P0121 ni kitu kingine. Hapo mawimbi yapo ndani ya mipaka, ila hayaendani na mambo mengine ambayo kompyuta inayaona: hewa inayoingia, presha ya manifoldi, resi. Kwa hiyo kompyuta haijasema sensa mbovu. Inasema huyu shahidi anaeleza hivi, wenzake wanaeleza vile, sasa nani mkweli?

Swali langu la kwanza halihitaji hata spana: inatokea lini? Asubuhi ikiwa baridi, mvua ikinyesha, njia ya makorongo, mzigo?

Gurudumu33
Nimekuwa nikijiuliza hilo bila kupata mpangilio. Mvua haina uhusiano. Makorongo, wakati mwingine. Nikikumbuka vizuri, mara nyingi taa inawaka safari za jioni kwenda usiku. Nilidhani ni kwa sababu ndiyo saa ninazosafiri zaidi.

BintiSpana
Kabla hamjaingia kwenye waya, tumalizane na hewa. Filta ya wazi ya kupaka mafuta ikizidishiwa mafuta, yanaenda kukaa kwenye sensa ya hewa na inaanza kusoma pungufu. Na kama kuna mpira umepasuka baada ya throto, hewa inaingia bila kupitia kipepeo, injini inaonekana inavuta hewa nyingi wakati throto imefungwa. Vyote viwili vinaweza kuleta P0121 bila sensa ya throto kuwa na kosa lolote. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake, siyo dawa ya kabureta, halafu angalia mipira yote.

Gurudumu33
Dada, hilo lilishafanyika. Sensa ya hewa imesafishwa kwa dawa yake, mipira imekaguliwa kwa moshi, hakuna hata uzi wa moshi uliotoka. Taa ikarudi.

FundiMita
Safi, hewa tumeiweka pembeni. Sasa mita.

Sensa yako ina waya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni erthi ya sensa inayorudi kwenye kompyuta, wa tatu ndio wa mawimbi. Usitoboe ganda la waya. Chukua pini nyembamba uichomeke kwa nyuma ya soketi, ifuate waya mpaka iguse chuma, soketi ikiwa imechomekwa mahali pake. Washa swichi, injini usiiwashe. Pima volti 5, pima mawimbi kipepeo kikiwa kimefungwa, halafu mtu akanyage mafuta pole pole mpaka chini huku wewe unaangalia mita. Namba ipande kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, bila kuruka wala kurudi nyuma hata mara moja. Sensa za aina hii kwa kawaida zinaanza karibu na volti 0.5 na kuishia karibu na 4.5.

Gurudumu33
Nimepima leo mchana. Waya wa volti 5: 5.00 kamili, ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye hasi ya betri. Mawimbi: 0.52 imefungwa, 4.50 imefunguka yote. Nimerudia mara kumi, inapanda laini kama siagi. Nimetikisa wayaringi kuanzia soketi mpaka kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, namba haijasogea.

Kwa hiyo sensa nzima, waya nzima, volti zipo. Kamanda wa Kodi naona kama ana hoja.

Kamanda wa Kodi
Nilisema.

FundiMita
Bado hana. Umepima gari likiwa limelala, halafu unashangaa halikohoi. Tulifanye liamke.

Chomeka skana upande wa data za moja kwa moja. Injini iwe ya moto, ipo sailensa. Weka resi, asilimia ya throto na joto la maji kwenye ukurasa mmoja. Halafu washa vitu kimoja kimoja: taa kubwa, kiyoyozi, feni ya ndani, kioo cha nyuma, spotilaiti, taa za kazi, kila kitu ulichoongeza. Andika kinachobadilika. Throto ikiwa haijaguswa, asilimia yake haina ruhusa ya kusogea.

Dereva Kimya
Samahani kuingilia, ila mimi nina P2135 na throto yangu ni ya umeme. Ni hayahaya?

FundiMita
Karibu. Ni ndugu, ila siyo yaleyale. Throto ya umeme ina mawimbi mawili kwa usalama, kompyuta inayalinganisha muda wote. P2135 maana yake hayo mawili hayakubaliani. Kwenye magari mengine yote mawili yanapanda pamoja, moja likianzia juu ya jingine. Kwenye mengine moja linapanda na lingine linashuka, ukiyajumlisha unapata kama volti 5. Tafuta kwanza la gari lako ni lipi, halafu uyaangalie yote mawili kwenye skana ukikanyaga taratibu. Linaloruka ndilo la kufuatilia, na anza na pini za soketi kabla ya kununua throto nzima. Na tafadhali, usiingize kidole kwenye kipepeo swichi ikiwa imewashwa. Ile mota haijui kama ni kidole. Fungua uzi wako tutakufuata huko.

Gurudumu33
Nimefanya. Nilichopata:

Kila kitu kimezimwa: resi 720, throto 10%, maji nyuzi 88.
Taa kubwa za gari: hakuna badiliko.
Kiyoyozi: resi zinapanda kidogo kama kawaida yake, throto 10%.
Feni ya ndani, kioo cha nyuma: hakuna badiliko.
Spotilaiti: resi 800, throto 13%, maji 77.
Spotilaiti pamoja na taa za kazi za nyuma: resi 1,080, throto 16%, maji 68.

Nikizima taa, namba zinarudi palepale. Nadhani ni altaneta inaelemewa na mzigo wa taa. Niibadilishe?

BintiSpana
Subiri kwanza. Wote mnaangalia throto, mimi naomba mtazame maji. Kutoka 88 kwenda 77 kwenda 68, kwa muda gani?

Gurudumu33
Palepale dada. Nikibonyeza swichi inashuka, nikizima inarudi 88. Nilidhani skana inachanganya.

BintiSpana
Maji ya rejeta hayapoi nyuzi 20 kwa kubonyeza swichi ya taa. Hakuna injini ya hivyo duniani. Kama sensa mbili zisizofahamiana zinaongopa kwa wakati mmoja na kwa swichi ileile, basi tatizo lipo kwenye kitu wanachotumia wote wawili. Na altaneta haihusiki. Kiyoyozi na feni ni mzigo pia, mbona havikufanya kitu?

FundiMita
Dada amemaliza kesi, mimi nabaki kuandika hukumu.

Sensa ya throto na sensa ya joto la maji zinachangia erthi moja inayorudi kwenye kompyuta. Erthi hiyo siyo sawa na chesisi. Ni waya wake maalumu, msafi, unaobeba umeme mdogo mno, miliampia chache tu. Ifikirie sensa ya throto kama mtu anayepanda ngazi ndani ya chumba: dari ni volti 5, sakafu ni sifuri, mawimbi ni mahali miguu yake ilipo. Kompyuta inapima kimo chake ikiamini sakafu ni sifuri. Kitu kikiinyanyua sakafu, mtu aliye chini ananyanyuka nayo, ila aliye karibu na dari hasogei sana. Hiyo ndiyo njia ya kutambua. Namba za chini zikipotoka na za juu zikabaki, mchawi yuko kwenye erthi. Za juu zikishuka na za chini zikabaki, mchawi yuko kwenye volti 5.

Joto la maji linafuata njia hiyohiyo. Ile sensa injini ikipata moto volti zake zinashuka, ikipoa zinapanda. Sakafu ikinyanyuka, kompyuta inaona volti zimeongezeka na kuamini maji yamepoa. Inaongeza mafuta. Bila shaka ulaji wako wa usiku ni mkubwa kuliko wa mchana.

Na ile 5.00 uliyopata haikuwa na kosa, ila ulipima kutoka kwenye hasi ya betri, ukairuka sakafu yenyewe. Rudia hivi, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Ncha nyekundu kwenye erthi ya sensa, nyeusi kwenye hasi ya betri. Soma taa zikiwa zimezimwa, kisha uwashe zote mbili. Halafu pima volti 5 kati ya pini mbili za sensa yenyewe. Halafu rudia mawimbi chini na juu.

Gurudumu33
Wakuu, mikono inatetemeka.

Erthi ya sensa taa zikiwa zimezimwa: 0.00. Taa zote zikiwashwa: 0.29. Kati ya pini mbili za sensa: 4.71. Mawimbi kipepeo kimefungwa: 0.78 badala ya 0.52. Kimefunguka yote: 4.53 badala ya 4.50.

Chini imepotoka, juu imebaki. Kama ulivyosema.

FundiMita
Sasa tafuta nani amefunga kitu kwenye waya huo. Siyo taa zenyewe, taa zinakula umeme mwingi, waya ule ungeshaungua. Natilia shaka rilei, zile swichi za umeme zinazowasha taa. Koili (waya uliozungushwa ndani) ya rilei ya kawaida ya volti 12 ina kama omu 85, inakula kama ampia 0.15. Mbili ni 0.3 hivi. Ukigawa 0.29 ya volti kwa ampia hizo unapata kama omu 1. Waya mzima wa urefu huo hauna omu 1, hata robo yake. Kwa hiyo unatafuta vitu viwili mahali pamoja: mahali erthi ya rilei ilipodandia, na kiungo kibovu kati ya hapo na kompyuta.

Ndiyo maana mchana hukuona kitu. Miliampia mbili zikipita kwenye omu 1 haziachi alama. Ndiyo maana pia mlio wa mita ungekudanganya, unalia "pii" hata kwenye omu 10.

Kamanda wa Kodi
Nafuta kauli yangu ya kompyuta. Ila huyo fundi wa taa anatakiwa kunyang'anywa koleo.

Gurudumu33
Kweli kabisa, nikimpata huyo mtu tutaelewana. Mtu anachukua waya wa sensa anafanya erthi ya rilei? Kesho asubuhi nafungua wayaringi yote.

Chuma Chakavu
Nakaa hapa na karanga zangu.

Gurudumu33
Mrejesho. Someni mkiwa mmekaa.

Rilei zote mbili zimefungwa nyuma ya betri. Nimefuata erthi yao, waya mweusi mwembamba unaoingia ndani ya bomba la wayaringi ya injini. Nikachana bomba kwa wembe pole pole. Kama shubiri moja kutoka ukutani nikakuta uvimbe wa tepu. Tepu ya kijani. Nikaibandua, imeshayeyuka gundi, inanata vidoleni kama asali. Ndani yake waya wa kahawia umekatwa, ncha mbili zimesokotwa na ule mweusi wa rilei, bila risasi ya kuchomelea, bila kibano. Shaba yenyewe imegeuka nyeusi, na upande unaokwenda kwenye kompyuta zimebaki nyuzi nne au tano zinazoshikilia. Ukigusa kwa kucha zinasogea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini makorongo yalikuwa yanachangia.

Sasa sehemu ngumu. Tepu ya kijani. Hakuna fundi niliyewahi kumpelekea gari hili mwenye tepu ya kijani. Roli yake iko kwenye kisanduku changu cha spana, nimeitazama nusu saa nzima. Nilifunga zile taa mwenyewe miaka miwili iliyopita, usiku, tochi mdomoni, nikatafuta waya wowote ambao mita ikigusa na erthi inalia. Huo ulilia. Nikaukata, nikausokota, nikaenda kulala.

Kamanda wa Kodi
Koleo lirudishwe kabatini, tuendelee.

BintiSpana
Hahaha. Kaka, angalau umekiri. Wengi uzi wao ungeishia hapo, tungebaki tunasubiri mrejesho mpaka leo.

FundiMita
Sote tuna tepu yetu ya kijani mahali fulani. Tengeneza hivi: chomoa hasi ya betri, sasa hivi ndiyo unaruhusiwa. Kata shaba yote iliyogeuka nyeusi pande zote mbili mpaka uione inang'aa. Ukikosa urefu, weka kipande cha waya wa unene uleule katikati, usiuvute kwa nguvu, kwa sababu gari limeinuliwa na wayaringi yako huenda tayari imenyooka kuliko kawaida. Choma kwa risasi au tumia kibano kizuri, halafu mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Erthi za rilei zipeleke kwenye chesisi, boliti yake mwenyewe, rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane.

Na kitu kingine ambacho watu hawakisemi. Koili ya rilei ikizimwa inarusha mshituko wa volti nyingi kwa kitambo kidogo sana. Wako ulikuwa unarushwa moja kwa moja kwenye mlango wa kompyuta kila ulipozima taa, miaka miwili. Kompyuta yako ni ngumu, iheshimu. Weka rilei zenye dayodi au rezista ndani, ya kuzima mshituko huo.

Mradi uko humo, angalia pia ule mkanda wa erthi kati ya injini na bodi. Magari yaliyoinuliwa bodi mara nyingi mkanda huo unabaki mfupi, mtu anaufungua na kusahau kuurudisha. Umeme wa stata ukikosa njia unapita kwenye kebo ya throto. Nimeona kebo imeungua ganda lake namna hiyo, pedeli ikawa nzito kama ya lori.

Gurudumu33
Mkanda upo, ila umevutika kama kamba ya gitaa. Nimeweka mrefu zaidi.

Nimekata shaba mpaka ikang'aa, sentimita 4 kila upande, nikaweka kipande katikati, risasi, mpira. Rilei mpya zina dayodi ndani, erthi yake iko kwenye chesisi. Kisha nikarudia vipimo vyote, taa zote zikiwa zinawaka: erthi ya sensa 0.00, kati ya pini 5.00, mawimbi 0.52. Nikawasha injini ikapata moto. Nikabonyeza swichi moja, nyingine, zote mbili, zima, washa, kama mtoto. Maji 88. Throto 10%. Resi 720.

Nitatembea wiki mbili kabla sijasema imepona.

Dereva Kimya
Mkuu wiki mbili zimepita. Kuna mrejesho?

Gurudumu33
Imepona. Safari tatu za usiku, moja ya makorongo matupu, taa zote zinawaka. Hakuna kodi, hakuna hata ile inayosubiri kuthibitishwa. Gia inabadilika mahali pake.

Chuma Chakavu
Na zile sensa tatu ulizotoa na kuweka, pamoja na ile ya kwanza iliyokuja na gari?

Gurudumu33
Nimezipima zote nne mezani kwa mita, nikizungusha taratibu. Zote nzima. Nimerudisha ya kwanza.